Neno « évolué » na ngazi ya watu

Mu mazungumzo yetu juu ya desturi, kuna neno la zamani ambalo lingali linafanya kazi, hata kama wenyewe waliolibeba wamekwisha kutuacha: « évolué ». Tunalichambua hapa juu lilituletea kipimo cha utu ambacho wazee wetu hawakukijua, na sayansi nayo haikitambui.

Darwin, mu kitabu chake cha 1859, alitia picha moja tu: matawi yanayoachana kama ya muti. Hakuna tawi linaloambia lingine: wewe uko nyuma. Mu kitabu cha 1871 aliandika kwamba wazazi wa kwanza wa binadamu pengine waliishi Afrika. Lakini mu kitabu hicho hicho alisema pia juu ya mataifa ya chini. Kisha Mmarekani Lewis Henry Morgan, mwaka 1877, akapanga ngazi wazi: ushenzi, ubarbari, ustaarabu. Basi muti ukageuka ngazi, na juu kabisa akawekwa Mzungu.

Kongo ya Wabelgiji iliifanya ngazi hiyo kuwa karatasi. Mwaka 1948 ilitoa karti ya mérite civique. Mwenye wake wawili hakuipata. Mwaka 1952 ikaja immatriculation, na wakaguzi walifika mpaka nyumbani kutazama kama watu wanakula kwa uma na kisu. Patrice Lumumba aliipata 1954. Tujiulize: siku moja mbele ya kuipata, alikuwa nusu mtu?

Wengine kati yetu wanakataa mafundisho ya Darwin juu hawataki undugu na nyani. Kwetu sisi, undugu huo hauharibu kitu. Kinachoharibu ni ile ngazi, na tungali tunaipanda kila siku: mtu wa mjini anamwita wa kijiji « musenji », na kuna wanaokataa kula sahani moja na Mutwa, jirani yao.

Waluba wanasema bumuntu, ni kusema utu unaoonekana mu matendo: namna ya kupokea mgeni, namna ya kugawa chakula. Tusiwasifu wazee bure, maana nao walikuwa na watumwa. Lakini kipimo chao kinauliza mtu anawatendea wengine nini, hakiulizi amefika kidato gani. Tunapofundisha vijana, tuwachoree muti, tufute ngazi. Na lile neno « musenji », tulitoe kwanza mu kinywa chetu wenyewe.