Pongezi kwa Wapima Nuru wa Kamalondo

Miongoni mwa mafundi wanaostahiki shukrani zetu, sina budi kuwataja wapiga picha wa Lubumbashi, ambao jioni za kiangazi, vumbi na moshi vikilizidishia jua wekundu, husimama katika mtaa wa Kamalondo wakaelekeza kamera magharibi. Kazi yao yataka uadilifu baina ya nuru na kivuli, kwani jicho la mwanadamu huona kwa pamoja anga ing'aayo na ardhi iliyokwisha kuingia kiza, bali kamera haina wasaa huo: ukipima nuru ya ardhini, mbingu hugeuka nyeupe tupu, na ukipima ya mbinguni, nyumba humezwa na weusi. Basi fundi hodari hupima wingu lililo kando ya jua, akaiacha dohani ya kiwanda cha shaba iwe kivuli kitupu, kisha hungoja hata mapaa ya mabati yaakisi nuru ya mwisho. Mpiga picha Sammy Baloji, aliyezaliwa mjini humu mwaka 1978, ameudhihirishia ulimwengu mandhari ya migodi yetu, na maonyesho yaitwayo Picha aliyoshiriki kuyaasisi mwaka 2008 yamewafungulia vijana njia. Enyi wazazi, mtoto akiomba kamera msimdharau. Huyo ataka kuihifadhi tarehe ya mji wenu.