Kinjeketile Hakuwa na Uhakika

Wiki mbili baada ya mazishi, ujumbe uliingia kwenye grupu yetu ya WhatsApp: tunaigiza Kinjeketile kwa heshima ya ndugu yetu, odisheni ni Jumamosi saa nne, kila mtu aje na maneno ya mwisho ya mhusika mkuu. Nilienda. Nilikuwa nimecheza Kitunda mara mbili, marehemu akiwa Kinjeketile, kwa hiyo nilidhani sehemu ile naijua kuliko yeyote pale ukumbini.

Tulikuwa kumi na mmoja. Wa kwanza alipanda akaitoa sauti ya marehemu, ile ya kukwaruza, mkono wa kushoto nyuma ya mgongo. Watu wakalia. Wa pili akafanya vivyo hivyo. Kufikia wa tano, machozi yalikuwa yamenikauka, nimebaki na hasira. Mwelekezi alikuwa anaandika tu na kusema, "Safi. Hapo nimemwona."

Mimi sikumwona. Niliona koti lake likipitishwa mkono kwa mkono.

Ebrahim Hussein alichapisha tamthilia hii mwaka wa 1969, na wengi wetu tunaikumbuka kama hadithi ya shujaa wa Vita vya Majimaji aliyekataa kuwapigia Wajerumani magoti. Hebu isome tena polepole. Kuna Kinjeketile anayetoka mtoni na habari za maji, sawa. Lakini kuna pia yule anayeambiwa baadaye kwamba, akiwa amepandwa na roho ya Hongo, alisema wakishashinda watakuwa watoto wa Seyyid Said. Hapo anashtuka: kumbe tunabadilisha bwana tu? Anataka watu wangoje. Hawangoji. Neno limeshamtoka, halimsikilizi tena. Mwishoni, akiwa mfungwa, anatakiwa aseme maji yalikuwa uongo. Anakataa, na si kwa sababu bado anayaamini. Anajua akikubali, vizazi vijavyo vitaambiwa babu zao walikosea kupigana.

Mtu wa namna hiyo huwezi kumcheza kwa kifua mbele. Marehemu alilijua hilo. Maneno yale hakuyapaza kamwe. Aliyasema kama mtu anayehesabu pesa ambazo anajua hazitoshi. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake, na kila usiku nilikuwa na wasiwasi kwamba leo labda atakubali.

Na kwa sababu marehemu hasemwi vibaya, acha nimseme vizuri lakini kwa ukweli. Alichelewa mazoezi. Siku moja aliruka nusu ukurasa stejini, nikamwokoa, tukacheka kwenye matatu hadi Umoja. Alipolazwa, tulichangiana kwa M-Pesa kulipa bili, huku malipo yake ya maonyesho mawili yakiwa bado hayajatoka. Leo bango lina picha yake na neno "gwiji". Ni rahisi kumpa mtu sifa akishakuwa hawezi kudai.

Zamu yangu ilipofika, nilitumia sauti yangu mwenyewe, chini, bila ule mkono. Ukumbi ukanyamaza. Mwelekezi akasema, "Buda, weka moyo kidogo. Huyu ni shujaa." Nikasema asante, nikashuka.

Ijumaa majina yalitoka. Kinjeketile amepewa yule wa kwanza. Mimi, Kitunda tena. Iliniuma, sitadanganya. Lakini Kitunda ni rafiki aliyemjua mtu huyu kabla watu hawajamfanya mtume, na huenda hiyo ndiyo kazi iliyobaki kwangu.

Nimekubali kwa sharti moja: pesa za yale maonyesho mawili zimfikie mamake kabla pazia halijafunguliwa. Ujumbe una alama mbili za buluu. Jibu bado.