Mizani Isiyochorwa: Historia ya Ukoloni katika Vitabu vya Picha na Msomaji Mchanga wa Bariadi

Vitabu vya picha vinavyokusudia kumfunulia mtoto wa Tanzania historia ya ukoloni huelekea kuanzia kwenye Vita vya Maji Maji. Sababu inaeleweka, kwani vita huchoreka. Bunduki ya Mjerumani ikiwa upande mmoja na mkuki upande wa pili, mtoto huutambua mgongano kabla hajasoma neno. Udhaifu upo katika kinachoachwa nyuma ya wapiganaji. Vita hivyo vilianza Julai 1905, watu wa Umatumbi walipong'oa miche ya pamba waliyolazimishwa kuilima huko Nandete. Mchoro unaoanza na risasi humnyima msomaji pamba, na kwa hiyo humnyima chanzo.

Upungufu huo una uzito wa pekee Bariadi. Simiyu, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012, ni kitovu cha kilimo cha pamba nchini, na mtoto wa huko anaijua pamba kwa vidole vyake tangu kuipanda hadi kuichuma. Anapofunua kitabu na kukuta ukoloni ni jambo lililowapata watu wa kusini, tena katika vita ambavyo Usukuma haukuingia, huhitimisha kwamba kwao ukoloni haukufika. Hitimisho hilo si sahihi, lakini kitabu ndicho kilichomwelekeza huko.

Suala la picha za kale nalo halina wepesi. Wachoraji wa aina hii ya vitabu huvutwa na picha za enzi ya Wajerumani: wafungwa waliofungwa minyororo shingoni, wapagazi chini ya mizigo. Picha hizo ni ushahidi, ila aliyeshika kamera alisimama upande wa mwenye mnyororo. Anayezinakili bila kubadili pembe ya kutazamia humweka mtoto pale pale alipokuwa mpiga picha, ingawa maneno yaliyo chini ya mchoro yanalaani.

Usukumani ukoloni ulikuja zaidi kwa mizani, kodi na amri. Chini ya Waingereza, mpango wa maendeleo ya Usukuma ulioanza mwaka 1947 uliambatana na amri za kupunguza mifugo na za kulima kwa matuta, amri zilizochukiwa sana. Kwenye vituo vya kununulia pamba, malalamiko makubwa yalikuwa ya kupunjwa uzito. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima waliweka wapimaji wao wenyewe. Katika vuguvugu hilo Paul Bomani alipata umaarufu, na mwaka 1955 Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria likaundwa. Hii ni hadithi yenye mgogoro, hila na ushindi, na ni ajabu kwamba haijawa mali ya kawaida ya fasihi ya watoto.

Huenda ikadaiwa kwamba mizani haisisimui kama bunduki. Dai hilo linamdharau mtoto. Anayelalamika kwamba nduguye kapewa kipande kikubwa cha muwa ameshaielewa mizani. Hatari halisi ni nyingine. Wanunuzi wengi wa pamba walikuwa wafanyabiashara wenye asili ya Asia, nao walifanya kazi ndani ya mfumo wa leseni na bei uliosimamiwa na serikali ya kikoloni. Mchoro unaoonyesha uso wa mnunuzi peke yake utaificha serikali hiyo, na kumwachia mtoto wa leo chuki dhidi ya jirani badala ya ufahamu wa utawala. Katika tamthiliya, maelezo ya mwandishi huweza kuziba pengo la namna hiyo. Ebrahim Hussein, katika utangulizi wa Kinjeketile (1969), alimtenganisha mhusika wake na mtu wa historia. Kitabu cha picha hakina nafasi hiyo, kwa kuwa mtoto huruka utangulizi.

Kwa hiyo kila kitu sharti kibebwe na ukurasa wenyewe: leseni iliyotundikwa ukutani nyuma ya mnunuzi, karani na daftari lake, mama mwenye furushi la pamba akisubiri zamu. Kisha mchoraji aamue namba za mizani zielekee wapi, kwa mnunuzi, kwa mama yule, au kwa mtoto aliyekishika kitabu.