Nani Anamstahili Adili?

Kuna ubishi ambao walimu wengi huuzima kabla haujakolea. Darasa limemaliza sura, mwalimu ameshageukia ubao aandike maudhui na mbinu za lugha, na huku nyuma sauti mbili zimekwisha kupanda. Mmoja anashikilia kwamba msichana wa hadithi amempa moyo mtu asiyefaa. Mwenzake anamwambia aurudie ukurasa. Meza inagongwa, kimya kinarudi, na swali la nani amwoe nani linahesabiwa kuwa umbeya. Laiti mwalimu angewaacha waendelee! Ubishi huo ni ufundi wenye kanuni zake, na katika nchi ya chai ya Kericho mizizi yake ni mikongwe kuliko riwaya yoyote iliyowahi kuingia darasani.

Sosiot ni mji mdogo wa Belgut, magharibi ya Kericho, na wengi walio mbali hulijua jina lake kwa sababu ya shule ya upili ya wasichana. Upande mmoja iko chai: mashamba madogo ya wakulima wanaopeleka majani kwenye viwanda vya KTDA, kisha yale makubwa ambayo kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilianza kuyapanda katika miaka ya 1920. Upande wa pili nchi inateremka kuelekea Sondu, ambako Wakipsigis na Waluo hukutana sokoni. Mashamba makubwa yaliwavuta wachumaji wa Kigusii, Kiluo na Kiluhya, na Kiswahili kikawa lugha ya kambi. Kwa hiyo vijana wa eneo hili wanaposoma riwaya ya Kiswahili na kugombana juu ya posa iliyomo ndani yake, kila mmoja anakuja na mizani ya kwao.

Mizani ya Wakipsigis inafahamika vizuri. Katika koito, kikao cha posa kinachozikutanisha familia mbili, mapenzi ya kijana na binti ni mwanzo tu wa mazungumzo. Wazee wanauliza oret, ule ukoo ambao watu wake hawaoani. Wanauliza rika, kwa kuwa mwanamume haoi binti wa mwanarika mwenziwe. Wanafuatilia upande wa mama na upande wa baba, wanakumbuka ndoa za zamani kati ya nyumba hizo mbili na jinsi zilivyoishia. Ndipo ng'ombe watajwe na maziwa ya mursik yanywewe. J. G. Peristiany, aliyechapisha mwaka 1939 kitabu juu ya maisha ya jamii ya Wakipsigis, alikuta kanuni za ndoa zilizofumwa kwa makini. Ilikuwapo hata njia ya mwanamke asiye na mtoto wa kiume kumwoa mwanamke mwenziwe, ili nyumba yake isizimike.

Sifa ya msemaji mzuri katika kikao kama hicho ni kumbukumbu. Hasemi kwamba kijana ni mwema kwa sababu anampenda. Anataja alichokitenda, lini, na mbele ya nani. Mpinzani wake naye hatupi maneno, analeta tukio lingine la kulipima lile la kwanza. Mtu aliyekulia karibu na mazungumzo ya namna hiyo, hata kama alikuwa akisikiliza tu kutoka jikoni, anakuja kwenye riwaya akiwa tayari amefunzwa nusu ya kazi.

Riwaya inayoipa kazi hiyo uwanja mpana ni Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1952. Mwandishi huyu wa Tanga alichota kisa chake katika hazina ya Alfu Lela Ulela, akakipa nchi mpya na majina ya Kiswahili. Mfalme Rai anatawala Ughaibu. Adili ni liwali wake huko Janibu, na mjumbe wa mfalme anagundua kwamba kila usiku liwali huyo mwema anawapiga viboko manyani wawili, kisha anawabembeleza na kuwalisha. Manyani hao ni ndugu zake wa damu, Hasidi na Mwivu. Hadithi nzima ni jibu la swali moja: imekuwaje?

Imekuwa kwamba safarini Adili alimwokoa nyoka aliyekuwa akifukuzwa na joka, na nyoka yule akawa Huria, binti wa kijini. Baadaye akaingia katika mji ambao watu wake wamegeuka mawe, akamkuta msichana mmoja aliye hai, Mwelekevu, akaondoka naye. Wivu juu ya msichana huyo ukawashika nduguze, wakamtosa Adili baharini. Huria akaja kumwokoa aliyemwokoa, akawageuza ndugu wale manyani na kuamuru viboko vya kila usiku.

Kwa juujuu, ushindani wa mapenzi humu hauna la kujadiliwa. Shaaban Robert ameshatoa hukumu katika majina: nani atasimama kumtetea mposaji anayeitwa Hasidi? Msomaji mvivu anafunga kitabu hapo. Msomaji stadi anatazama kwingine, anagundua kwamba wako wanawake wawili waliofungamana na Adili kwa deni la uhai, na kwamba mwandishi hakuwasimamisha kamwe wakabiliane. Pengo hilo ndilo linalowafaa wabishi. Nani anamstahili Adili, Huria au Mwelekevu?

Upande wa Huria una hoja nzito. Mapenzi ya hadithi hupimwa kwa kitendo, na kitendo chake ni kikubwa kuliko vyote: alipokuwa dhaifu Adili alimwona, na Adili alipokuwa anazama yeye alimwona. Hakusahau. Tena hakumdai kitu. Wanaomtetea wanaongeza kwamba Adili alimsaidia akiwa katika umbo la nyoka, kabla hajajua kama ni mwanamke wala kama ni mzuri, kwa hiyo kifungo chao kilianza pasipo tamaa.

Upande wa Mwelekevu unajibu kwa upweke. Msichana aliyebaki peke yake katikati ya baba, watumishi na jirani waliogeuka mawe hahitaji shujaa wa kumshangaza. Anahitaji mtu wa kuzungumza naye. Adili alikuwa sauti ya kwanza. Isitoshe, Huria ana kwao, ana jamaa wa kijini, ana uwezo wa kwenda na kurudi. Mwelekevu aliacha kila kitu, na hakukuwa na mtu wa kumrudia. Hapa wenye mizani ya koito wanauliza swali lao la kawaida, nalo linatikisa pande zote mbili: jini ni wa oret gani? Na binti ambaye ukoo wake wote ni mawe, nani atakaa upande wake kwenye kikao?

Hoja ya namna hiyo haipatikani kwa kukisia. Mtu lazima ajue nani aliokolewa kwanza, nani alikuwapo chomboni, nani alikuwa wapi Adili alipotoswa. Mtahiniwa wa KCSE anaufahamu ujuzi huo kwa jina jingine. Karatasi ya tatu ya Kiswahili, ile ya fasihi yenye alama 80, humpa dondoo na kumwambia aeleze muktadha wake: msemaji ni nani, anasema na nani, wapi, kwa sababu gani. Alama 4. Wanafunzi hukariri miktadha hiyo kwa jasho usiku wa prepu. Wale waliogombana juu ya wapendanao wameshaikariri bila kujua, kwa kuwa kila walipoupotosha ukurasa kulikuwa na mpinzani wa kuwaumbua.

Ubishi mzuri, hata hivyo, huanzia kwa mwandishi. Mshindani asiye na uzito hawagawi wasomaji. Stephenie Meyer alilielewa jambo hili. Katika Twilight ya mwaka 2005, Jacob Black ni kijana wa pembeni, na Edward, mnyonyadamu, amejaa kila mahali. Mwaka uliofuata, katika New Moon, mwandishi akamwondoa Edward kwa sehemu kubwa ya kitabu na kumwachia Jacob nafasi yote. Msomaji akakaa naye, akamwona akitengeneza pikipiki, akicheka, akimrudisha Bella, msichana wanayemgombea, kwenye uhai siku kwa siku. Edward aliporudi, wasomaji wa dunia nzima walikuwa wamekwisha kugawanyika makundi mawili, na kila kundi lilikuwa na kurasa zake za kuapia.

Suzanne Collins alikwenda mbali zaidi katika The Hunger Games, alipompa kila mshindani chakula chake. Gale aliwinda pamoja na Katniss, msichana wa hadithi, ili nyumba mbili zisife njaa. Peeta alimtupia mikate iliyoungua siku ya mvua, akapigwa na mama yake kwa ajili hiyo. Kwa msomaji anayeijua njaa, mikate ile ni ushahidi mzito. Lakini mawindo ya miaka nayo ni ushahidi, na kipimo kinakaa sawa mpaka kitabu cha tatu, cha mwaka 2010, kinapoleta mabomu yaliyomuua mdogo wake Katniss na shaka kwamba mtego wa mabomu hayo ulibuniwa na Gale. Tangu hapo swali si la nani mzuri. Ni la kama mtu anaweza kuishi na mwenye mkono huo.

Waandishi wamewahi kuwekwa kizimbani na wasomaji wao. Walter Scott alipotoa Ivanhoe mwishoni mwa mwaka 1819, wengi walinung'unika kwamba shujaa alimwoa Rowena na kumwacha Rebecca, binti wa Kiyahudi aliyemuuguza na aliyekuwa na moyo mkubwa kuliko wote kitabuni. Scott alilazimika kujieleza katika dibaji ya miaka ya baadaye. Thackeray hakuridhika na maelezo. Mwaka 1850 alichapisha hadithi yake mwenyewe, Rebecca and Rowena, akairekebisha ndoa. Louisa May Alcott naye, baada ya sehemu ya kwanza ya Little Women mwaka 1868, alisumbuliwa na barua za wasichana waliotaka Jo aolewe na Laurie. Akakataa katakata. J. K. Rowling, miaka saba baada ya kukamilisha Harry Potter, alikiri katika mahojiano ya mwaka 2014 kwamba kumwoza Hermione kwa Ron kulitokana na matamanio yake binafsi. Wasomaji waliokuwa wakisema hivyo muda wote walikuwa wamesoma vizuri.

Kenya nayo ina mwandishi aliyeijua nguvu ya kuzuia. Ken Walibora, aliyefariki Aprili 2020, aliwakutanisha Amani na Imani katika Kidagaa Kimemwozea wakiwa vijana wawili waliodhulumiwa, akawaweka karibu, akawatwika malezi ya mtoto asiye wao, kisha akawaacha kwa muda mrefu wakiishi kama ndugu huku kila jicho la Sokomoko likiwashuku. Riwaya hiyo ilikuwa kitabu teule cha KCSE, ikasomwa na vijana wa nchi nzima. Walichokuwa wakikitafuta kati ya mistari, mwandishi alikuwa amekificha kwa makusudi, na kukitafuta huko ndiko kulikowafanya waione dhuluma iliyowazunguka wawili hao.

Inafaa pia kuheshimu kile ambacho ubishi huu unawapa wasichana hasa. Katika posa halisi, mchumbiwa mara nyingi ndiye mtu wa mwisho kuulizwa. Katika riwaya anakalia kiti cha mzee: anauliza, anakataa, anamrudisha mposaji akalete majibu bora. Anajifunza kutofautisha wema na sauti nzuri, deni na mapenzi, mtu anayekuokoa na mtu anayekusikiliza. Msichana wa Kigusii na mwenzake wa Kiluo wanapopimana hoja na Mkipsigis juu ya Huria, kila mmoja analazimika kueleza kwa nini kwao jambo fulani ni aibu na jingine ni heshima, na anagundua kwamba mengine aliyoyadhani ni ya ulimwengu mzima ni ya kijijini kwao tu.

Kuhusu Adili mwenyewe, hoja iliyo ngumu kuliko zote inatoka kwenye viboko. Huria ndiye aliyeviamuru. Usiku baada ya usiku mtu mpole analazimishwa kuinua mkono juu ya ndugu zake, kisha anawafuta machozi, na hali hiyo inaendelea mpaka Mfalme Rai anapoingilia kati. Je, anayekupenda anaweza kukupa adhabu ya wengine uitekeleze kwa mkono wako? Watetezi wa Mwelekevu huiweka hoja hii mwisho, wakiamini kwamba imemaliza kesi. Watetezi wa Huria hujibu kwamba ndugu waliomtosa ndugu yao wangestahili kifo, kwamba manyani walio hai wanaweza siku moja kusamehewa, na kwamba ni Huria aliyeuacha mlango huo wazi. Jibu hilo lina nguvu. Bado halielezi kwa nini mshika mjeledi alikuwa Adili, na anayetaka kulieleza hilo itambidi aanze tena ukurasa wa kwanza.