Muhammed Said Abdulla na Thamani ya Riwaya Pendwa

Usikubali upesi kwamba riwaya pendwa huburudisha tu. Mtazame Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918 na kufariki mwaka 1991. Alihariri jarida la Mkulima huku akitunga. Baada ya Mzimu wa Watu wa Kale (1960) zilifuata Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974) na nyinginezo, hadi Kosa la Bwana Msa (1984).

Wahakiki humlinganisha Bwana Msa na Sherlock Holmes: kiko mdomoni, rafikiye Najum kandoni. Ulinganisho huo ni sahihi, ila hautoshi. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, maiti inapatikana mzimuni, mahali panapoogopwa. Msa haogopi, anatafuta ushahidi. Taharuki hapa ndiyo inayobeba maudhui: hofu ya ushirikina humkinga mhalifu. Mtahiniwa wa Kakamega atalielewa hilo hata kama hajafika Unguja.

Hivyo basi, ukiulizwa kuhusu riwaya ya upelelezi, usiandike “inasisimua” ukaishia hapo. Onyesha msisimko huo unafichua nini katika jamii.