Mkia Umetoka Wapi?

Leo tunaanza kwa kujikosoa. Katika darasa la Kiswahili la watoto wetu hapa Lewisville tulitaka wajifunze kuchora tausi kwa mtindo wa Tingatinga. Tukaandaa karatasi moja yenye picha 4, tukaitoa kopi, tukagawa. Picha ya kwanza ni yai. Ya pili, yai limeota shingo na kichwa. Ya tatu, miguu. Ya nne, tausi mzima, mkia umefunguka, manyoya na madoa yote mahali pake. Binti wa miaka 9 akaweka penseli chini akauliza, "Anti, mkia umetoka wapi?" Jibu hatukuwa nalo.

Kuna mzaha wa siku nyingi kwenye intaneti kuhusu namna ya kuchora bundi: chora maduara mawili, kisha mmalizie bundi aliyebaki. Tuliucheka sana. Kumbe bundi mwenyewe alikuwa juu ya paa letu.

Basi tukaenda maktaba ya mji, barabara ya Main, tukaazima vitabu vya kuchora tuone wenzetu wanafanyaje. Vingi vina ugonjwa kama wetu, ila karatasi yao inang'aa. Andrew Loomis, katika kitabu chake cha 1939 cha kuchezea penseli, anaanza kwa upole na kichwa cha mviringo kama mpira, lakini kurasa chache mbele mtoto ameachwa nyuma. Aliyetufunga mdomo ni Ed Emberley na kitabu chake cha wanyama cha 1970. Kila mnyama ana safu mbili za picha. Ya juu inaonyesha mnyama anavyokua hatua kwa hatua. Ya chini inaonyesha kile tu kinachoongezwa katika hatua ile: duara, pembetatu, nukta, herufi. Basi. Mtoto aliyefika Texas juzi, asiyejua neno la Kiingereza, atakisoma. Tuna lawama moja: wanyama wake wote ni vikaragosi, na mtoto hapewi sababu ya kumtazama mnyama mwenyewe.

Tukarudi kwenye tausi wetu, na hapo ndipo tuliona kosa kubwa zaidi ya mkia. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru mwaka 1932, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 akafariki 1972. Miaka 4 tu. Alitumia hadibodi na rangi za kung'aa zinazopakwa baiskeli, na ufundi wake ukabaki kwa ndugu na wanagenzi wachache waliokaa naye. Hawakuachiwa kitabu. Mwanagenzi alimwona fundi anaanza na rangi ya nyuma, anaiacha ikauke, ndipo mnyama anawekwa juu yake, na madoa mwisho kabisa. Akiwahi kushika brashi, rangi mbichi yenyewe inamuumbua.

Sisi tuliandika maneno mawili mwishoni mwa karatasi: "Paka rangi." Watoto wakampaka tausi kwanza, kisha wakahangaika kuzungusha rangi ya nyuma katikati ya manyoya, wakaharibu madoa waliyoyatolea jasho. Ukiitazama picha iliyokwisha huwezi kujua kilichotangulia. Fundi akiwa pembeni hilo halina shida. Hapa Lewisville hakuna fundi pembeni. Kuna karatasi peke yake, na ikinyamaza, mtoto anajiona hana kipaji.

Lugha nayo tuliikosea. Tuliandika "duaradufu" na wazazi wenyewe wakacheka, yai lingetosha. Tuliandika "upande wa kulia" bila kusema ni kulia kwa mtoto au kulia kwa tausi.

Wapo watakaosema mafunzo ya namna hii yanazaa waigaji. Elimo Njau, aliyeshiriki kuanzisha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965, amepinga kuiga maisha yake yote. Margaret Trowell pale Makerere aliwasimulia wanafunzi tukio kwa maneno, akawaacha wachore walichokiona kichwani. Tunawaheshimu. Lakini Njau, na Sam Ntiro kabla yake, wote watoto wa Kilimanjaro, walifika Makerere na mlima na migomba tayari kichwani. Hawa wetu wamekulia kando ya barabara kuu ya 35. Ukiwaambia wafumbe macho wamwone tausi, wengine watamwona yule wa katuni.

Hata hivyo tumechukua nusu ya hoja yao. Karatasi mpya ina picha 11, na katika kila picha mstari mpya ni mnene, ya zamani ni myembamba. Rangi ya nyuma imekuja mwanzo, na pembeni tumeandika: "Subiri ikauke. Nenda kale." Mkia tumeuacha wazi: manyoya mawili tumechora sisi, yaliyobaki ni ya mtoto.

Yule binti alijaza ya kwake kwa bendera, samaki na namba ya nyumba ya bibi yake. Kisha akatuonyesha kwamba kati ya picha ya 6 na ya 7 tausi amepata kidole cha ziada, na hakuna mahali tulipoonyesha kilipoongezwa.