Mingus na Hasira Zake

Oktoba 1960, ndani ya studio moja ya New York, taa zilizimwa, kisha mpiga besi wa jazi Charles Mingus akaanza kuzungumza na wateja wa kilabu. Aliwaomba makofi yasubiri mpaka mwisho. Barafu isichezeshwe kwenye bilauri. Na mashine ya kupokelea fedha, tafadhali, isilie. Ajabu ni kwamba wateja wenyewe hawakuwapo. Hapakuwa na meza wala mhudumu. Walikuwapo wapigaji wenzake watatu, watu wa mitambo, na mtu mzima anayeigombeza hewa, kwa sababu miaka mingi ya kupiga vilabuni ilimfundisha kwamba hata hewa ya humo haina adabu.

Rekodi hiyo, iliyotolewa na kampuni ndogo ya Candid, hunijia akilini kila nikiona bendi inapiga hotelini huku walaji wameipa mgongo. Wanacheka, wanaita soda, wanainua simu kurekodi wimbo ambao hakuna hata mmoja wao anayeusikiliza. Wapigaji wamezoea. Mwimbaji anatabasamu, nusu ya ala zinatoka kwenye kompyuta, na gitaa la pili limelegea waya tangu wimbo wa kwanza. Hakuna anayeudhika, jukwaani wala mezani. Upole wa namna hiyo unanitisha kuliko ukali wowote.

Mingus alizaliwa Nogales, Arizona, mwaka 1922, akakulia Watts, Los Angeles. Alianza na tromboni, akahamia selo, moyo wake ukiwa kwenye okestra kubwa za Kizungu. Rafiki yake Buddy Collette alimshauri aachane na selo achukue besi, kwani kijana mweusi asingepewa kiti kule. Besi yenyewe ni ile ya kusimama, ambayo waliokaa mbele ya taarab asilia ya Unguja wanaijua: ndefu kuliko mpigaji wake, imetulia nyuma ya fidla na kanuni, inashikilia wimbo bila kudai kutazamwa. Mingus hakuiacha nyuma. Alijifunza miaka mitano kwa Herman Reinshagen, aliyewahi kupiga katika New York Philharmonic, na mikono yake ilipoiva, besi ikawa inatembea, inapiga kelele, inakatisha mazungumzo ya tarumbeta. Nyuma yake kulikuwa na ule mlango uliofungwa wa okestra, na sidhani kama aliwahi kuusahau.

Kundi lake liliitwa Jazz Workshop, na lilikuwa karakana kweli. Alipotoa albamu ya Pithecanthropus Erectus mwaka 1956 alieleza kwamba muziki anaousikia kichwani hauwezi kuandikwa wote kwenye karatasi. Basi akawa anakaa kwenye piano, anampigia kila mtu sehemu yake au anamwimbia, mstari kwa mstari, mpaka aishike. Wazee wetu wa ngoma na wa udi wangemwelewa mara moja, maana wao pia walifundisha hivyo, sikio kwa sikio. Aliyepewa karatasi anaweza kuisingizia karatasi. Aliyeimbiwa hana pa kujificha, akikosea amekosea yeye, na mwalimu yupo hapo hapo, besi mkononi, macho yamemtoka. Ndipo zilipozaliwa zile habari zinazosimuliwa mpaka leo: Mingus anasimamisha wimbo katikati, mbele ya watu waliolipa kiingilio, anamkaripia mpigaji wake, kisha wanaanza upya. Wengi husimulia kwa kucheka. Mimi najiuliza ni lini mara ya mwisho niliona kiongozi wa bendi akisimamisha wimbo kwa sababu tu umeharibika.

Ndani ya rekodi ile ya 1960 mna kipande kiitwacho What Love. Eric Dolphy, mpulizaji ambaye Mingus alimpenda kuliko wengi, alikuwa ameshamwambia kwamba anaacha kundi. Katikati ya kipande mdundo unayeyuka na wanabaki wawili: besi ya Mingus na klarineti nzito ya Dolphy. Besi inauliza. Klarineti inajibu kwa mkato. Besi inarudia swali kwa sauti ya juu zaidi, inaburuta waya, inalalama, inashusha pumzi, kisha inatukana. Klarineti inaguna, inajitetea, inapandisha, inacheka kidogo. Hakuna neno linalotamkwa, lakini yeyote aliyelala chumba chenye ukuta mwembamba, akawasikia wapangaji wa upande wa pili wakigombana, anajua nani anabembeleza na nani ameshafunga mizigo. Nimewahi kumsikilizisha kipande hicho mtu asiyejua lolote kuhusu jazi, akaniuliza wanagombania nini.

Dolphy aliondoka. Alirudi mwaka 1964 kwa safari ya Ulaya, akamwarifu mwajiri wake kwamba safari hii atabaki huko, na tarehe 29 Juni akafariki Berlin, umri wake miaka 36, kwa kisukari. Mingus alimpa mwanawe wa kiume jina Eric Dolphy.

Hasira nyingine ilipata njia nzuri vilevile. Mwaka 1957 gavana wa Arkansas, Orval Faubus, alipeleka askari kuwazuia wanafunzi 9 weusi wasiingie shule ya Central High mjini Little Rock. Mingus alimtungia wimbo wa kumkejeli, Fables of Faubus, wenye sauti ya kuchechemea inayomfanya gavana aonekane bwege aliyevaa viatu visivyo saizi yake. Kampuni ya Columbia iliutoa mwaka 1959 bila maneno. Mwaka uliofuata, kwa Candid, Mingus na mpiga ngoma wake Dannie Richmond waliyatoa maneno yenyewe, wakiitana na kuitikiana, na gavana akatajwa kwa jina. Hapo sina la kuongeza. Mtu aliyekasirishwa na jambo kama hilo akatoa wimbo kama huo hadaiwi kitu.

Laiti hasira zote zingeishia kwenye waya. Mwaka 1953 Duke Ellington, ambaye Mingus alimwabudu tangu utotoni, alimchukua katika okestra yake. Hakumaliza hata mwezi. Aligombana na mpiga tromboni Juan Tizol, na hapo masimulizi yanaachana: kwa Mingus, Tizol ndiye aliyekuja na kisu, kwa wengine, Mingus ndiye aliyeshika chuma. Ellington hakuwa na tabia ya kumfukuza mtu kwa kinywa chake mwenyewe. Kwa Mingus alilazimika. Jackie McLean, kijana wa saksafoni aliyesukumwa na Mingus aache kumwiga Charlie Parker atafute sauti yake, alishukuru baadaye kwa somo hilo, ila kabla ya shukrani kulikuwa na ngumi ya mwalimu na kisu cha mwanafunzi.

Kisha likaja la Jimmy Knepper, na hili watu wanaomsifu Mingus hulipita mbio. Oktoba 1962 Mingus alikuwa akiandaa onyesho kubwa katika ukumbi wa Town Hall, New York. Muziki ulikuwa mwingi kuliko siku zilizobaki. Knepper, mpiga tromboni wake wa miaka mingi, alikuwa nyumbani kwa Mingus akisaidia kunakili noti. Akaombwa kazi zaidi, akakataa. Mingus akampiga ngumi ya mdomo, jino likavunjika. Kwa mpulizaji wa tromboni mdomo ndio mkono wa seremala: Knepper alipoteza sauti zake za juu, oktava nzima. Mahakama ilimpa Mingus kifungo cha nje. Onyesho lenyewe lilikuwa aibu, wanakili wakiwa bado wameinama mezani jukwaani, wanaandika, huku okestra ikipiga.

Huyu ndiye mtu aliyewaomba wateja wasigonganishe barafu, wasije wakaharibu sauti. Akaiharibu sauti ya fundi mwenzake kwa mkono wake.

Nakataa ule msemo wa mitaani kwamba fundi mkubwa lazima awe mkorofi. Dolphy alikuwa mpole na alipiga kama alivyopiga. Ellington aliongoza wakorofi kwa nusu karne bila kumvunja mtu jino. Hata Mingus mwenyewe alikuwa na subira alipotaka. Aliandika kijitabu, kweli kabisa, cha kumfundisha paka kutumia choo cha binadamu. Paka wake aliitwa Nightlife. Unaanza na boksi lenye vipande vya gazeti, unalisogeza kuelekea chooni kidogo kidogo, halafu unalipandisha juu ya kiti, na tundu unalikata polepole kadiri siku zinavyokwenda. Msomaji anaonywa asifanye haraka, asimtishe mnyama. Ningetamani Knepper naye angehudumiwa kwa mwongozo huo.

Mwaka 1966 alifukuzwa katika jengo alimokuwa akipanga kuanzisha shule ya muziki, New York. Vyombo vyake vilibebwa mpaka barabarani na kamera ikarekodi. Baadaye heshima zilikuja, kama kawaida yake heshima, zikiwa zimechelewa. Maradhi ya neva yalianza kumnyang'anya viungo, na Juni 1978, Rais Jimmy Carter alipowakaribisha wanamuziki wa jazi Ikulu ya Marekani, Mingus alikuwapo kwenye kiti cha magurudumu, halaiki ikasimama kumpigia makofi, akalia. Alifariki Cuernavaca, Mexico, tarehe 5 Januari 1979, na majivu yake yakamwagwa katika mto Ganges. Karatasi za Town Hall zilipatikana baada ya kifo chake, wakati nyaraka zake zikipangwa. Mwaka 1989 Gunther Schuller aliziongoza jijini New York kwa jina la Epitaph, muziki wa zaidi ya saa mbili. Na Knepper? Alirudi kurekodi na Mingus mwaka 1977, na bwana huyo alipokufa akapiga katika kundi lililoundwa kuuendeleza muziki wake. Sijui kama huo ni msamaha. Huenda ulikuwa ufundi tu, kwamba nyimbo zile zilistahili tromboni nzuri, haidhuru zilitungwa na nani.

Sisi tumerithi vibaya. Hasira ya Mingus dhidi ya watu tunayo tele: nyota wetu wanatukanana mitandaoni, wanafika jukwaani saa tatu baada ya muda wa tiketi, wanasusa kwa sababu ya chumba cha hoteli. Ile nyingine, dhidi ya kazi mbovu, imetoweka. Bendi zetu za zamani zilizojiita Jazz, za Morogoro, za Tabora na za Dar es Salaam, zilikuwa na viongozi walioogopwa kwenye mazoezi. Niliwahi kumwona mmoja wao uzeeni, ameketi pembeni ya ukumbi, gitaa la ridhimu likachelewa kidogo tu, akafumba macho kama mtu aliyekanyagwa mguu. Vijana jukwaani hawakujua wamefanya nini.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wanaoongoza bendi leo. Wimbo ukiharibika, usimamisheni. Mbele ya watu, waliolipa na wasiolipa, semeni kwamba haukuwa sawa, kazeni waya, muanze upya. Wateja watanung'unika, waache wanung'unike. Na mikono yenu ibaki kwenye ala.